Soda ya Alvar Isiyo na Sukari

Hapa Almfors wanasema ulimi wa Alvar Hedlind ulikufa miaka saba kabla yake. Wamelisema dukani. Wamelisema kanisani mwezi wa pili, siku tuliyomzika. Chama cha historia ya mji nacho kimelichapa katika kijitabu chake: kwamba uzeeni alishindwa kutofautisha kreti na kreti, mtu aliyechanganya soda miaka arobaini na minane.

Si kweli. Waliojua kwamba si kweli tulikuwa watatu. Majvor, mke wangu, alikufa mwaka juzi. Alvar naye ameondoka. Nimebaki mimi.

Alvar alizaliwa nyumba za wafua nguo, kando ya mto. Mama yake alifua mashuka ya hospitali. Baba hakujulikana, na zamani zile jambo hilo lilisemwa mbele ya mtoto mwenyewe. Alipotimiza miaka kumi na minne aliingizwa kiwanda cha soda kuosha chupa. Mchanganyaji wakati huo alikuwa Valfrid, mzee mkali asiyependa mtu akaribie mapipa yake. Siku moja Alvar alionja tone lililomwagika, akasema, "Leo maji si yale ya jana." Wakamcheka. Kumbe asubuhi ile mji ulikuwa umehamia kisima kipya, na hakuna aliyeambiwa. Valfrid akamvua aproni ya mpira, akamvalisha nyeupe. Hakuivua tena mpaka alipostaafu.

Kila mtu hapa anaijua soda nyeusi ya Krismasi. Paja la nguruwe, samaki wa kuchachua, viazi, na soda nyeusi yenye povu. Pasaka inarudi ileile, imebadilishwa karatasi ubavuni, na kuna watu wazima watakaokuapia kwamba ya Pasaka ina ladha nyingine. Kiini chake huletwa kwa madumu kutoka mbali, na hakuna anayejua kimetengenezwa na nini. Kazi ya mchanganyaji ni maji, sukari na gesi. Inaonekana ndogo. Lakini soda ya Almfors watu walitoka miji mingine kuifuata, na ile ya mji wa jirani, yenye kiini kilekile, sisi tuliwapa wageni tusiowapenda.

Alvar aliulinda ulimi wake kama mwingine anavyolinda shamba. Hakuvuta sigara. Hakubana ugoro mdomoni, na sisi wa kiwanda cha mbao tulikuwa tumevimba midomo kwa ugoro, kila mmoja. Kahawa hakuigusa kabla ya saa sita mchana. Soda aliionja ikiwa vuguvugu, maana baridi huficha makosa. Alikuwa mfupi, mtaratibu, na kucha zake zilikuwa safi kama za kasisi. Mimi vidole viwili vya mkono wa kushoto nimeviacha kwenye msumeno, na mpaka leo nanukia msonobari.

Kabla sijamwoa, Majvor alikuwa akicheza dansi na Alvar. Ni kiangazi, uwanjani, chini ya taa za rangi, Jumamosi kwa Jumamosi. Alvar alijua kucheza. Mimi nilisimama penye uzio nikishikilia kofia. Mwisho nilikwenda nikamwomba Majvor awe wangu, akakubali.

Miaka michache baadaye nilimuuliza kwa nini alinichagua mimi.

"Wewe uliniomba," alisema. "Alvar hakuniomba."

Jibu hilo nimekaa nalo zaidi ya miaka hamsini. Ni jibu zuri ukilisikia haraka. Usilirudie.

Baada ya kuoana alifanya kazi kiwanda cha soda miaka kumi na moja, chumba cha chupa, ukuta mmoja na Alvar. Alikuwa akirudi na vicheko nisivyovijua mwanzo wake. Na wenzangu kwenye mbao hawakuniacha.

"Evert, mkeo leo kapita hapa ananukia vanila. Wewe unanukia gome la mti. Nani kampaka?"

"Fanya kazi yako."

"Naifanya. Na Alvar anafanya yake."

Wakacheka mpaka msumeno ukazimwa. Alvar hakuoa. Kama angeoa ningepumua. Hakuoa, na kila Krismasi alituletea kreti moja mlangoni, akavua kofia, akamuuliza Majvor, "Ya mwaka huu umeionaje?" Mimi hakuniuliza. Kwa nini aniulize, na ugoro mdomoni?

Mungu hakutupa watoto. Tulikuwa wawili, na wawili walitosha.

Majvor alipofika sitini na tisa wakamwambia ana kisukari. Kilianza na kiu, halafu macho kuona ukungu. Muuguzi wa kituo cha afya, Riitta, Mfini mwenye sauti nzito, alitupa kifaa cha kuchoma kidole na daftari la kuandika namba za sukari ya damu. Asubuhi ya kwanza namba ilikuwa kumi na moja. Riitta aliitaka saba.

Tangu siku hiyo nikawa askari. Bakuli la sukari nililipeleka kwenye banda la kuni. Maandazi ya iliki, ambayo hapa mtu hanywi kahawa bila hayo, niliacha kununua. Jemu nilimpa jirani. Nilisoma karatasi za pakiti dukani kwa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine. Nilifanya yote hayo kwa kumpenda, na alichokiona yeye ni mkono unaonyang'anya.

"Umekuwa mlinzi wa gereza, mzee wangu," alisema.

"Afadhali gereza kuliko kaburi."

"Gerezani angalau Jumapili wanapata keki."

Wakati huohuo kiwanda kilianza kutengeneza soda nyeusi isiyo na sukari. Vijana wenye shahada waliijaribu, ikatoka na ladha ya kijiko cha bati. Wakamwita Alvar kutoka kwenye pensheni, siku mbili kwa wiki. Alieleza jikoni kwetu, mimi nikisikiliza kutoka dirishani.

"Utamu bandia mmoja unaingia mbio na kutoka mbio," alisema. "Wa pili unachelewa, halafu unakaa nyuma ya ulimi kama mgeni asiyejua kuaga. Inabidi uwafunge pamoja, wakimbizane."

"Na ukiwafunga?" Majvor aliuliza.

"Basi unadanganywa vizuri."

Alikuwa amebeba chupa tatu zenye namba. Majvor akaonja, akafumba macho, akachagua ya pili. Kiwanda kikaitoa hiyo ya pili. Kizibo chekundu kilikuwa cha soda ya sukari, cha bluu ya ile isiyo na sukari. Kila Ijumaa saa nane mchana Alvar akaja na kreti ya vizibo vya bluu. Alikaa saa moja. Walizungumza habari za watu waliokufa na mashine zilizouzwa, na Majvor alicheka kile kicheko cha chumba cha chupa.

Mimi nilimnyang'anya utamu, yeye akamletea. Nyie mnadhani mtu anampenda nani?

Kilichoniuma zaidi ni kwamba ilimfaa. Majvor alikuwa amezoea kuiba soda ya kawaida kwa jirani, hilo nililijua baadaye. Alipopata ya bluu aliacha kuiba. Namba ikashuka: kumi, tisa, nane na nusu. Riitta akafurahi.

"Vizuri sana, Majvor. Umefanya nini?"

"Alvar kanichanganyia soda."

Nami nilikuwa nimekaa palepale, kofia magotini, miezi minane ya ulinzi haikutajwa.

Lakini tumbo likaanza. Lilimjaa upepo, likanguruma, likamkimbiza chooni mara tatu kwa asubuhi moja. Aliona aibu, akaacha kwenda kwaya. Nikaona mwanya. Gazetini palikuwa na habari kwamba utamu bandia unasumbua vijidudu vya utumboni. Nikaikata kwa mkasi, nikaiweka chini ya kikombe chake.

Aliisoma mpaka mwisho. Alikuwa msomaji kuliko mimi.

"Unataka hii iwe kweli kwa ajili ya tumbo langu," aliuliza, "au kwa ajili ya Alvar?"

"Tumbo."

"Mh," akasema, akaikunja.

Tukaenda kwa Riitta. Nikaweka kile kipande mezani kwake kama mtu anayetupa turufu kwenye karata. Riitta akakisoma kwa utulivu.

"Sikilizeni," alisema. "Utumboni kuna vijidudu wengi kuliko tunavyoweza kuhesabu. Wanasaidia kusaga chakula. Kuna utafiti umeona kwamba baadhi ya utamu bandia unawabadilisha hao vijidudu, kwa baadhi ya watu, na sukari ya damu ikavurugika. Kwa wengine haikutokea lolote. Kuna utafiti mwingine haukuona kitu. Bado wanabishana."

"Kwa hiyo ni sumu," nikasema.

"Sijasema hivyo, Evert. Akinywa hii badala ya soda ya sukari, anapata nafuu. Akinywa maji, ni bora kuliko zote mbili. Na tumbo linaweza kuwa vidonge vyake, navyo vinasumbua."

"Sasa tutajuaje?"

"Tutapima. Wiki nne, glasi moja mchana, si zaidi. Vidonge vilevile, chakula kilekile. Aandike namba, aandike na tumbo. Namba ikipanda, soda hiyo tunaiacha." Akamgeukia Majvor. "Na ikipanda sana, daktari atataka uanze sindano."

Majvor aliogopa sindano tangu utotoni. Kuchoma kidole tu alikuwa anageukia ukutani. Nilimwona ameshika ukingo wa kiti.

Mimi nilikuwa nimesikia jambo moja tu. Namba ikipanda, soda inaachwa. Soda ikiachwa, Ijumaa inaachwa.

Kumimina ilikuwa kazi yangu. Macho yake hayakuwa mazuri, alikuwa akimwaga, kwa hiyo nilimimina mimi jikoni na kumpelekea mezani sebuleni. Siku kumi na moja za kwanza nilimimina ya bluu, kwa haki. Namba ilikaa palepale, nane, nane na nusu. Tumbo lilinguruma. Alvar alikuja na Ijumaa zake mbili.

Siku ya kumi na mbili nilinunua chupa za vizibo vyekundu, nikaziweka kwenye banda la kuni, pamoja na bakuli la sukari nililolificha kwa ajili yake. Nilitaka namba ipande kidogo tu. Tisa ingenitosha. Nilijiambia hivyo nikiwa nimeshika chupa.

Nilimpelekea glasi. Akanywa nusu, akaiangalia kwenye mwanga.

"Sasa Alvar ameipata," alisema. "Hii ni tamu ya kweli. Yule mgeni asiyejua kuaga ameondoka."

Hata sumu yangu ilimsifu Alvar. Hapo ningeacha, mtu mwenye akili angeacha. Nilikwenda nikamwongezea nusu glasi.

Namba ilifika tisa na haikusimama. Kumi. Kumi na moja na nusu. Kumi na tatu. Kiu ikarudi, uchovu ukarudi, alilala mchana kinywa wazi. Kila asubuhi aliandika mwenyewe kwa mwandiko wake mzuri, akainama karibu na karatasi. Lakini upande wa pili wa daftari, penye tumbo, aliandika: limetulia. Kesho yake: limetulia. Halafu: nimekwenda kwaya.

Riitta alipiga simu katikati ya wiki ya nne, Majvor akamsomea daftari. Alishangaa. "Tumbo linapona na sukari inapanda? Nilitegemea vyote viende upande mmoja." Akasema daktari amepanga Jumatatu, sindano.

Sasa semeni kwamba ningesimama pale na kusema. Nilikuwa na siku nne. Nilipasua kuni zote mpaka za mwaka ujao.

Ijumaa Alvar alikuja saa nane na kreti yake. Majvor hakucheka. Alikuwa sebuleni, glasi iko mezani imebaki robo, daftari limefunguliwa.

"Kaa, Alvar," alisema. "Soma."

Alvar alivaa miwani. Alipofika mwisho wa ukurasa rangi ilimtoka usoni.

"Ni soda yangu hii?"

"Sijui. Wanasema labda utumbo wangu haupatani nayo. Jumatatu naanza sindano." Akaanza kulia bila sauti, kama alivyokuwa akilia, machozi tu. "Nilifurahi mno kuipata, Alvar. Ni kitu kimoja tu nilichokuwa nacho kwa siku."

Alvar aliichukua ile glasi, akanywa funda moja. Hakumeza. Alilikalisha mdomoni, akaangalia mbele kama mtu anayesikiliza redio ya chumba cha pili. Halafu akameza.

Kiwandani zamani, kabla ya mashine, walikuwa na njia ya kuhakikisha pipa gani ni lipi. Unadondosha tone, unaliacha likauke, unabonyeza kwa dole gumba. Sukari inanata. Utamu bandia unakauka kama maji, haushiki kitu. Kwenye kitambaa cha plastiki cha meza yetu palikuwa na duara la glasi, limekauka. Alvar aliweka dole gumba juu yake, akaliinua. Kitambaa kiliinuka nalo kidogo, kikaachia kwa sauti ndogo.

Akaniangalia.

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Uso wangu ulijibu, sikuweza kuuzuia. Nilingoja aseme. Nilikuwa tayari, kwa kweli nilitamani aseme, iishe.

Akavua miwani.

"Majvor," alisema. "Ni kosa langu. Hii ina sukari."

"Nini?"

"Nimekuletea kreti isiyo yake. Nyekundu zimefungwa vizibo vya bluu, nami nikabeba bila kuonja. Wiki mbili, tatu. Zimwage zote."

Majvor aliacha kulia. Alikuwa mpole, mke wangu, lakini hasira yake ilipokuja ilikuja imevaa kabisa.

"Wewe? Bila kuonja? Wewe, Alvar?"

"Nimezeeka."

"Ungeniua! Nimekojoa kama farasi, nimeona giza, Jumatatu nadungwa sindano, unaniambia umezeeka?"

"Ndiyo."

"Nenda nyumbani kwako."

Alivaa kofia humuhumu ndani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akachukua kreti aliyoileta, nzito, akatoka nayo.

Nilimfuata mpaka kwenye ngazi. Miguu yangu ilikwenda yenyewe.

"Ulimpa ngapi kwa siku?" aliuliza, mgongo kwangu.

"Glasi moja. Moja na nusu."

"Siku ngapi?"

"Kumi na tano."

Aliweka kreti chini kwenye theluji.

"Mjinga wewe," alisema. Hakupaza sauti.

"Kwa nini hukusema?"

"Nikisema, kesho asubuhi nani atamchoma kidole? Nani atamfunga viatu, nani atamsomea karatasi za dukani?" Akageuka. "Mimi ananihitaji Ijumaa, saa moja. Saa zilizobaki za wiki ni zako. Hesabu mwenyewe, halafu uone nani alikuwa na sababu ya wivu."

Aliinama kuchukua kreti, akasita.

"Na tumbo. Umeona limetulia siku hizo? Basi vitu vyangu havimfai. Hapo ulikuwa na haki, Evert. Ungeniambia tu. Ningeacha kuleta, ningekuja mikono mitupu."

Akaenda. Kreti ilikuwa ikilia chupa kwa chupa mpaka kwenye kona.

Jumatatu Majvor alimweleza Riitta kuhusu kosa la kreti. Sindano ikaahirishwa. Akanywa maji tu, yenye vipande vya tango, na baada ya wiki tatu namba ilirudi nane, mwisho saba na nusu. Tumbo halikunguruma tena.

"Basi tumejifunza kwa bahati mbaya," Riitta alisema. "Hukunywa utamu bandia siku hizo, tumbo likapumzika. La jirani yako linaweza kupatana nao vizuri kabisa. Lako halipatani."

Nililipata lile nililolitaka. Soda iliachwa, Ijumaa iliachwa. Saa nane mchana ilipofika Majvor alifuma soksi na hakuangalia dirishani, na mimi nilimwona asivyoangalia.

Kosa la kreti alikuwa amelisimulia dukani, kwa hasira, mara moja tu. Mara moja inatosha hapa. Kiwandani wakasikia. Walimwita Alvar, wakamshukuru, wakampa saa ya ukutani, na siku zake mbili za wiki zikaisha. Watu walimwambia barabarani, kwa utani, "Alvar, hii ni kahawa au chai?" Alicheka nao. Angeweza kusema wakati wowote. Hakusema. Na mimi, badala ya kumshukuru, nilimchukia zaidi, kwa sababu hata katika dhambi yangu alikuwa amenipita. Alikuwa amempa mke wangu kitu kikubwa kuliko chochote nilichowahi kumpa, na alikuwa amekipitisha mkononi mwangu.

Miaka minne ikapita hivyo. Kidonda kilimtoka Majvor mguuni, kikapona, kikatoka tena. Kama zile siku kumi na tano zilichangia, sijui. Nilitaka kumuuliza Riitta, lakini ningeulizaje.

Nilimwambia Majvor mwezi wa kwanza, mwaka aliokufa. Nilikuwa nambadilishia bandeji. Ni rahisi kusema ukiwa umeinama.

"Ile sukari," nilisema. "Haikuwa Alvar. Nilimimina mimi."

Mguu wake haukutikisika mkononi mwangu. Nilimaliza kufunga. Hakuniuliza kwa nini, na hilo ndilo lililoniambia kwamba sababu alikuwa anaijua tangu zamani.

Siku mbili hakusema nami. Alikula nilichopika, akameza vidonge nilivyompa. Siku ya tatu alisimama sebuleni amevaa koti na kitambaa chake cha bluu cha kichwani.

"Washa gari."

"Twende wapi?"

"Unajua wapi."

Alvar alikuwa akikaa nyumba ndogo nyuma ya kanisa. Barafu ilikuwa nyingi. Nilitaka kumshika mkono mpaka mlangoni, akasema, "Wewe ngoja hapa." Alitembea peke yake, mguu mbaya ukivuta. Mlango ukafunguliwa kabla hajagonga.

Nilingoja saa moja na dakika arobaini. Niliwasha gari kupata joto, nikazima kuokoa mafuta, nikawasha tena. Pazia lilikuwa limefungwa nusu. Mara moja nilimwona Alvar amesimama, mara moja nilisikia kicheko, au ilikuwa ni ndege. Mtu wa miaka sabini na tisa, ninakodolea macho pazia kama kijana wa penye uzio.

Walitoka pamoja. Alvar alimshikilia kiwiko kwenye ngazi, hatua kwa hatua, mpaka kwenye gari. Alifungua mlango, akamkalisha, akaingiza pindo la koti lisibanwe. Aliniangalia juu ya kichwa chake, akainua kofia. Nami nikainua yangu.

Tukaondoka. Kwenye daraja nikashindwa.

"Mmezungumza nini?"

Alikuwa anaangalia mto. Shavu lake lilikuwa na wekundu ambao sikuuona tangu kiangazi.

"Nimemwomba msamaha."

"Saa moja na dakika arobaini?"

"Hilo lilichukua dakika mbili," alisema. "Nyingine ni zangu, mzee wangu. Angalia barabara."